Kuteleza nchi kavu kwa ubao unaovutwa na tiara: kwa mwenye hamu, aanzie wapi?

#1 BahariaWaNchiKavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila nikituma video kwenye kundi la familia naulizwa swali lile lile: hicho ni chombo gani, na injini yake iko wapi? Leo mvua imenifungia ndani hapa Hamburg, kwa hiyo nimekaa niueleze mchezo huu tangu mwanzo, ili na mwingine mwenye hamu apate pa kuanzia.

Unasimama juu ya ubao wa urefu wa mita moja hivi. Chini una magurudumu manne ya mpira yanayojazwa hewa, kila moja lina kimo cha sentimita 20 au zaidi kidogo. Miguu inaingia kwenye mikanda miwili iliyofungwa juu ya ubao. Mikononi umeshika tiara. Si ile tuliyotengeneza Tanga kwa chelewa na gazeti, tukabandika kwa ubwabwa. Hii ni ya kitambaa chepesi kisichopitisha upepo, ina mita za mraba 3, 5, hata 10, na kamba zake nne zina urefu wa mita 20 hadi 25. Upepo unaijaza, inakuvuta, unakwenda. Pwani ya mchanga mgumu, siku ya upepo mzuri, unampita mwendesha baiskeli huku husikii kitu isipokuwa magurudumu na kamba zinazolia.

Sasa jambo ambalo ningelijua mapema lingeniokoa bega. Ubao si kitu cha kujifunza kwanza. Tiara ndiyo ya kwanza, na ujifunze ukiwa umesimama kwa miguu yako, bila ubao, kwa wiki kadhaa.

Mimi nilifanya kinyume. Nilinunua ubao uliotumika, nikaenda kuuteremsha kwenye vilima vya majani hadi nikajiona fundi. Kisha nikaenda kisiwa cha Rømø, Denmark, ambako pwani ya kusini ni pana kiasi kwamba maji huyaoni vizuri kutoka unapoegesha gari. Jamaa mmoja akaniazima tiara ya mita 5. Niliinua ikapita moja kwa moja mbele ya kifua changu. Sikumbuki kuruka, nakumbuka kutua. Bega la kulia lilichukua wiki sita kupona, na ubao wenyewe nilikuwa hata sijaupanda.

Kilichonipata kinaelezeka hivi. Simama upepo ukupige kisogoni. Mbele yako chukulia kuna bakuli kubwa sana lililokatwa nusu na kusimamishwa, nawe umesimama chini pale katikati ya mkato. Tiara inatembea juu ya uso wa ndani wa bakuli hilo tu, kwa sababu kamba haziiruhusu kwenda mbali zaidi. Ikiwa utosini, juu ya kichwa chako, inatulia. Ikiwa kwenye ukingo wa kushoto au wa kulia, inatulia pia. Lakini katikati, usawa wa kifua, ndiko nguvu zote ziliko. Tiara ikiinuliwa kutoka hapo ni sawa na kuwasha gari likiwa kwenye gia. Aliyezoea huinulia ukingoni, akaipandisha polepole hadi utosini.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 15 kwa saa ukipanda kuwa 30, tiara ile ile iliyokuwa ikikubembeleza sasa inakuvuta kama watu wanne. Na tena, tiara inayokata bakuli kwa kasi inajiongezea upepo kwa mwendo wake yenyewe, kwa hiyo inavuta kuliko iliyosimama mahali pamoja. Ndiyo maana mtu aliyezoea anaweza kupata mwendo kwenye upepo hafifu kwa kuichezesha juu na chini, na ndiyo maana pia asiyezoea anaumia kwenye upepo uleule.

Anza na tiara ndogo, mita 2 hadi 3, kwenye uwanja mpana usio na mtu, mti wala waya. Iweke utosini, iache hapo bila kuitazama. Ndiyo, bila kuitazama. Uongee na mwenzako, utazame chini, huku mikono inaisikia. Kisha uichoreshe namba nane iliyolala, kushoto na kulia. Siku utakapoweza kufanya hivyo huku unatembea kinyumenyume na kuzungumza, tiara imeingia mwilini. Hapo ndipo uchukue ubao.

Na ubao, kwa aliyefika hapo, haumchukui muda. Mimi baada ya kupona nilirudi nikafuata utaratibu huu, na siku ya kwanza ya kuunganisha vyote viwili nilikwenda mita mia mbili bila kuanguka.

Ulizeni, nipo.


#2 Mpiga_Bisha

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho. Mimi ni mtu wa ngalawa, Bagamoyo. Swali langu ni la baharia: tiara inakuvuta kuelekea upepo unakokwenda. Unarudije ulikotoka? Au unatembea kwa miguu umebeba vyombo?


#3 BahariaWaNchiKavu

Mkuu wa ngalawa, wewe umeshajua nusu ya kazi.

Huendi kwa kufuata upepo, bali unaukata ubavuni. Tiara unaiweka kati ya utosi na ukingo wa upande unaokwenda, halafu unaegemea nyuma kuipinga, kama watu wanaovuta juya ufukweni. Uzito unaingia visiginoni. Magurudumu yanang'ang'ania mchanga, hayakubali kuteleza kwenda demani, yaani upande upepo unakokwenda, kwa hiyo mvuto wote unageuka kuwa mwendo wa mbele. Hiyo ndiyo kazi inayofanywa na mkuku wa mashua majini. Ukizidi kukandamiza visigino, ubao unapindia joshi, yaani upande upepo unakotoka. Unapanda kidogo, unageuka, unarudi upande wa pili, unapanda tena kidogo. Ni kubisha kule kule unakokujua, isipokuwa tanga liko mita 20 juu yako.

Kosa la kwanza la kila mgeni ni kuogopa mvuto na kuelekeza ubao demani ili mikono ipumue. Inapumua kweli, kwa sekunde mbili. Halafu unaikimbilia tiara, kamba zinalegea, mara zinakaza kwa mpigo mmoja na unang'oka. Ukizidiwa, pindia joshi, usipindie demani.

Kusimama ni hivyohivyo. Ubao huu hauna breki. Unaipandisha tiara utosini huku unapindia joshi hadi mwendo uishe.


#4 Mama_Wawili_KE

Hujambo ndugu. Nimeipenda hii ya bakuli, imeniingia. Mimi niko Nairobi, nina kilo 54. Hizo tiara za mita 5 ni za watu wa uzito gani? Na ni kweli mtu akiachilia kamba tiara inaanguka yenyewe ama inaenda na yeye? Mume wangu ameona video moja ya mtu akiburutwa, sasa ndiyo hoja yake kuu.


#5 BahariaWaNchiKavu

Dada, hoja ya mumeo ni ya haki na ijibiwe kwa vitendo, si kwa maneno.

Uzito kwanza. Mimi nina kilo 78. Upepo wa kilomita 20 hadi 25 kwa saa, kwenye mchanga mgumu, natumia mita 5 na sijutii. Kwa kilo 54 ungeanzia mita 3 au 3.5 katika upepo huohuo. Usikubali kuazimwa tiara ya mtu mzito kuliko wewe kwa sababu tu yeye ameitumia asubuhi bila shida. Mimi yaliyonipata Rømø yalianzia hapo.

Kuachilia kunategemea aina. Zile za vishikio viwili, kila mkono mmoja, zina kamba mbili za juu za kuvutia na mbili za chini za kuzuia. Unavaa mikanda mifupi kwenye vifundo vya mikono, nayo imefungwa kwenye kamba za chini tu. Ukiachilia vishikio, kamba za juu zinalegea zote, tiara inavutwa kwa nyuma, inakosa upepo, inashuka kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Mwanafunzi wangu yeyote namwachilisha vishikio mara kumi kabla hajafanya jambo jingine. Akili ya binadamu inapoogopa inakaza ngumi. Hiyo ndiyo inayowaburuta watu kwenye video. Kwa hiyo mkono ufundishwe kufunguka.

Aina ya pili ina upau mmoja na mshipi mpana unaovaliwa kiunoni au mapajani. Mvuto unaingia kwenye mshipi, mikono inabaki kuongoza tu. Ukisukuma upau mbele, tiara inapunguza nguvu, ukiuvuta, inaongeza. Ni raha sana kwenye upepo unaopanda na kushuka. Lakini hapo umefungwa mwilini, na usalama wako ni kifyatuo kilichoko mbele ya tumbo. Kila siku kabla ya kuanza kifyatue, kiondoe mchanga, ukirudishe. Kifyatuo kilichojaa mchanga hakifyatuki.

Kofia ngumu ni lazima. Pedi za magoti na viwiko pia. Na kamba zile usizishike kwa mkono mtupu zikiwa zimekaza, wala mtu asipite mbele yako. Ni nyembamba lakini kila moja inabeba zaidi ya kilo 100. Ngozi inakatika.


#6 Mdadisi_Wa_Kale

Samahani kwa kuingilia. Huu mchezo ni wa lini? Nani alianza kufunga tiara kwenye chombo cha magurudumu?


#7 BahariaWaNchiKavu

Hili swali nalipenda kuliko yote.

Alikuwako mwalimu wa shule mjini Bristol, Uingereza, aitwaye George Pocock. Mwaka 1826 alipata hataza ya gari lililovutwa na tiara, akaliita Charvolant. Zingatieni mwaka huo: reli za abiria zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza. Tiara mbili zilipangwa moja nyuma ya nyingine, zikaongozwa kwa kamba nne, na gari likabeba watu kadhaa kwenye barabara ya kawaida. Kinachonifurahisha zaidi ni ushuru. Vizuizi vya barabara za wakati ule vilitoza kwa idadi ya farasi. Gari la Pocock halikuwa na farasi hata mmoja, hivyo lilipita bure.

Mtu huyo aliamini tiara kiasi kwamba alimpandisha binti yake Martha angani akiwa ameketi kwenye kiti. Binti alishuka salama, akakua, akawa mama wa W. G. Grace, mchezaji wa kriketi ambaye Waingereza mpaka leo wanamtaja. Mimi ni baba, singefanya hivyo.

Kisha jambo likalala muda mrefu. Kilichokosekana kilikuwa tiara yenyewe: ya mbao na kitambaa kizito inapasuka, inavunjika, haiongozeki vizuri. Mwaka 1964 Domina Jalbert huko Marekani akabuni tiara isiyo na kijiti hata kimoja, mifuko mitupu iliyoshonwa pamoja ambayo upepo unaingia mbele na kuipa umbo la bawa. Miamvuli ya kurukia kutoka kwenye ndege ya leo inatokana na wazo hilo, na tiara ninayotumia mimi pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Peter Lynn wa New Zealand akaeneza kigari cha magurudumu matatu cha kukalia, kinachovutwa na tiara. Miaka hiyohiyo vijana waliokuwa wakiteleza kwenye theluji Marekani wakatengeneza ubao wa magurudumu ya hewa ili wateremkie milima wakati wa kiangazi, nao hawakuwa na habari ya tiara kabisa. Tiara na ubao huo vilikutana kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, na fukwe za Uingereza zikawa kati ya mahali pa kwanza mchezo ulipochanua.

Leo ukitaka kuwaona watu wengi, nenda Rømø, au St. Peter-Ording hapa Ujerumani, ambako pwani ina urefu wa kilomita 12. Kule kuna maeneo yaliyotengwa kwa tiara na mengine yaliyofungwa kwa ajili ya ndege wa hifadhi, na mipaka inaheshimiwa. Wapo wanaoshindana kwa mbio na wapo wanaoshindana kwa kuruka na kujipindua hewani. Hao wa kuruka nawaheshimu ila sijawafuata.


#8 Mpwani_wa_Paje

Assalaam alaykum kaka. Mimi niko Paje, Zanzibar. Hapa tiara za baharini ni kila siku, vijana wetu wengi wanafundisha wageni. Lakini maji yakitoka, bahari inakwenda mbali kabisa na inabaki nchi kavu ya mchanga tupu. Wakati huo wageni wanakaa kusubiri maji. Nimesoma uzi wako nikawaza: kumbe ungetumika muda ule! Unaonaje? Kusi na kaskazi zote tunazipata.


#9 BahariaWaNchiKavu

Wa alaykum salaam. Paje naijua kwa miguu, kwa hiyo nitakujibu kwa uzito, na utaniwia radhi nikikutia breki kidogo.

Upepo wenu ni mzuri kuliko wetu. Kusi ya Juni hadi Septemba inavuma imara saa nyingi mfululizo, haiji kwa mafungu kama huu wetu wa kaskazini ambao unatulia, kisha unakurukia. Hilo ni la thamani kwa anayejifunza.

Tatizo la kwanza ni upande wa demani. Kwenye nchi kavu, jambo la kwanza ninalotazama ni kilichoko demani, kwa sababu nikishindwa huko ndiko nitakakopelekwa. Rømø demani yangu ni kilomita za mchanga. Paje upepo unatoka baharini, kwa hiyo demani yako ni minazi, kuta na watu waliokaa chini ya miavuli. Majini ukianguka maji yanakushika. Kwenye mchanga hakuna kinachokushika mpaka ukuta. Kwa hiyo kama mtafanya, mwende mbali na ufukwe, na tiara ndogo, na mtu wa pili asimame demani akiwazuia wapita njia.

La pili ni mwani. Kule mbali na ufukwe ndiko kwenye mashamba. Kilimo hiki cha biashara kilianza upande wenu huo mwaka 1989, na wanaokifanya ni mama zetu, wameinama jua kali kati ya vijiti na kamba. Maji yakitoka ndiyo saa yao ya kazi. Saa hiyohiyo unayoiona ni tupu, wao wako ndani yake. Kamba ya tiara ikipita kwenye safu ya mwani inang'oa kazi ya wiki nyingi, na ikimpita mtu ni balaa jingine. Nenda kwanza kwa kina mama wenyewe, waulize wapi hawalimi, na wakikuambia hapafai, basi hapafai. Usimtume mwalimu wa wageni akaulize, nenda wewe mwana wa pale.

La tatu, tembea eneo lote kwa miguu kabla ya gurudumu kuligusa. Kipande cha tumbawe kinasimamisha gurudumu la mbele ghafla, nawe unaendelea. Na chumvi inakula beringi. Kila ukimaliza osha kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, tia grisi. Mimi nilibadilisha beringi zote nane mwaka wa kwanza kwa uvivu wa kuosha.

Siku ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa, tiara ibaki ndani.


#10 Mama_Wawili_KE

Na sisi wa bara? Nimewaza Chalbi, kule Marsabit. Ni tambarare mpaka macho yanachoka, na upepo upo: mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 si mbali sana na hapo.


#11 BahariaWaNchiKavu

Chalbi sijafika, dada, nimeiona kwenye picha tu na nikakaa kuitazama muda mrefu. Sura yake ni ile ninayoiota: tambarare, hakuna mti, hakuna waya. Kule Marekani, mpakani mwa California na Nevada, watu wanatumia ziwa kavu la Ivanpah kwa michezo ya namna hii, na mwaka 2009 chombo kiitwacho Greenbird, chenye bawa gumu badala ya tiara, kilifika kilomita 202.9 kwa saa palepale.

Lakini kama kuna mitambo 365 mahali fulani, ujue imewekwa pale kwa sababu upepo ni mkali. Si upepo wa mtu wa mita 3 wa siku ya kwanza. Ongeza vimbunga vidogo vya vumbi vya mchana, ambavyo vinaweza kuipindua tiara bila wewe kutarajia, na ongeza umbali wa hospitali. Jifunze kwanza kwenye uwanja wa mpira karibu na nyumbani asubuhi, kwa tiara ndogo. Chalbi uiendee ukiwa na watu, gari, maji, na ruhusa ya wenye mifugo.


#12 Mpwani_wa_Paje

Kaka, nimerudi na taarifa. Niliwaendea kina mama kama ulivyosema. Wamenionyesha ukanda mmoja wasioulima kwa sababu mchanga wake unahama. Wakaniambia nisiende siku za bamvua wanapovuna. Nimekubali.

Ubao sina bado. Nimeazima tiara ya mazoezi ya mita 2, ya kamba mbili, nimeichezesha asubuhi tatu mfululizo. Utosini inakaa. Namba nane inatoka, lakini nikiiacha utosini inakwenda kushoto yenyewe polepole, kila mara kushoto. Nimefikiri ni mikono yangu. Au ni upepo?


#13 BahariaWaNchiKavu

Hongera sana, na wafikishie salamu zangu kina mama.

Si upepo, na sidhani kama ni mikono. Kamba yako ya kulia imerefuka. Anayeikaza zaidi mkono wa kulia huirefusha bila kujua, na tiara siku zote inafuata kamba fupi. Fungua zote mbili kwenye tiara, zifunge ncha moja kwenye mnazi mmoja, usawa uleule. Tembea nazo mpaka mwisho, vuta zote pamoja kwa uzito wako, uone tofauti. Hata sentimita mbili zinatosha kuipeleka kushoto. Ifupishe ya kulia kwa kusogeza fundo la kitanzi, si kwa kuifunga fundo katikati ya kamba, maana fundo la katikati linapunguza nguvu yake. Ukimaliza irushe tena, uniambie inakaa au bado.